Mstari wa Saba

Karatasi ilibandikwa Jumatatu kabla ya zamu,
kwa pini nne, kana kwamba ingetoroka.
Ruti kumi na moja. Majina kumi na moja.
Kila jina na tarehe yake ubavuni,
na tarehe ndiyo cheo, ndiyo sauti ya mtu
hapa Duluth, tunapopakia barua
na ziwa nje linafuka kwa baridi.

Haugstad wa kwanza: miaka thelathini na mmoja.
Huyo hata ubao hausomi. Alichukua kalamu
kama mtu anayetungua kofia yake msumarini,
akaandika Two Harbors, akaenda kunywa kahawa.
Hakuna aliyeguna. Haki yake.
Wa pili, wa tatu, mpaka wa sita,
ruti nzuri zikipungua
kama karanga kwenye sahani ya wageni.

Ikabaki moja tu ya mchana: Silver Bay na kurudi,
saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane.
Chini yake trela za usiku za Minneapolis,
ambazo hurudi na dereva mwenye macho ya samaki wa dukani.

Wa saba ni mimi, Beaulieu.
Wa nane ni Arlys Kivela.
Baina yetu siku mbili:
mimi nilishika usukani Jumamosi, yeye Jumatatu,
Septemba ileile.

Lakini kabla ya Jumatatu ile
Arlys alikuwa na miaka kumi na minane
ndani ya jengo hilihili, kwenye meza za kuchambulia,
akizijua namba za posta
kama wengine wanavyojua tarehe za kuzaliwa za wajukuu.
Siku alipovuka kuja upande wa madereva
miaka yote aliiacha kizingitini.
Kifungu kinasema hivyo. Gorecki wa chama alikisoma,
kidole mstarini, mara mbili,
ya pili polepole zaidi, labda maneno yangelainika.

"Nimeendesha ruti hii miezi minane," Arlys akasema,
"tangu Sletten avunjike nyonga."
"Kukaimu si kumiliki," mtu akajibu
kutoka nyuma ya mikokoteni.

Wahenga walisema kutangulia si kufika.
Wahenga hawakuwa na chama.

Hakutaja mgonjwa. Hakutaja mjukuu.
Laiti angetaja, tungejua pa kuiweka huruma yetu.
Alisema tu kwamba anapenda mchana,
anapenda kuona anakokwenda.

Mimi pia napenda mchana.

Nilitia sahihi. Mkono haukutetemeka, sitadanganya.
Lalamiko lake likajazwa nakala tatu,
likapanda ngazi ya kwanza, likapanda ya pili,
na huko juu likakaa, likahesabiwa siku zake
kama sisi tunavyohesabiwa zetu.
Haugstad aliniambia, bila kuinua uso kwenye kikombe,
"Nami nilimnyang'anya mtu, mwaka wa tisini na tisa.
Alihamia Fargo." Hakuongeza neno.

Asubuhi ya kwanza, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nilipanda lori na magoti yakagota dashibodi.
Kiti kilikuwa bado chake,
kimesogezwa mbele kabisa,
kioo cha kando kimeinamishwa kwa mtu mfupi.
Nilipoteremsha kikinga jua nikaona mwandiko wa penseli:
*Knife River, geti hushikwa na barafu.
Piga honi mara moja. Mbwa hang'ati.*

Nikaendesha hivyo, nimekunjamana,
chumvi ya barabarani ikichapa kioo,
jua likitoka ziwani bila haraka,
jua ambalo yeye wakati huo
alikuwa akilifungia pazia ili alale.

Nilipofika Knife River nikashuka, nikanyoosha mgongo,
nikakivuta kiti nyuma hadi kikalia tak.
Nina miguu mirefu,
na kifungu kiko upande wangu.

Nikapiga honi, mara moja.
Mbwa akaja mbio hadi mlangoni,
akanitazama,
akazunguka lori zima akitafuta.